Kinyonga Ahitaji Jua, Si Chupa Wala Taa

Lugha yetu imemtendea kinyonga dhuluma ya muda mrefu. Mwanasiasa akihama chama usiku, akaamka asubuhi akiimba wimbo wa wapinzani wake wa jana, magazeti humwita kinyonga. Kazi ya ofisi ikikawia, tunasema inakwenda mwendo wa kinyonga. Rafiki asiye na msimamo ni kigeugeu, na wapo wazungumzaji ambao kwao kigeugeu na kinyonga ni kitu kimoja. Mimi hufundisha isimu, na katika somo la semantiki huwapa wanafunzi wangu neno hili liwe mfano wa jinsi sitiari inavyoweza kulimeza neno zima, hata kile kilichotajwa hapo awali kisionekane tena. Mwulize mwanafunzi wa chuo kikuu kinyonga ni nini, naye atakueleza habari za unafiki. Mwulize anakunywa vipi, analala wapi, anaugua nini, naye atababaika.

Dhuluma hiyo ingebaki kuwa mchezo wa wanaisimu lau isingekuwa na matokeo nje ya lugha. Mnyama anayejulikana kwa matusi peke yake hapati mtu wa kumtunza. Na siku atakapotokea mtu wa kutaka kumtunza, hatapata la kusoma katika lugha yake isipokuwa vijisehemu vya maelezo yaliyoandikwa ng'ambo kwa ajili ya watu wa ng'ambo. Hilo la pili ndilo lililonifanya nishike kalamu leo, na nawaandikia hasa walimu wenzangu pamoja na wanafunzi wao.

Nimeyashuhudia mambo haya mjini Kitale, katika shule moja isiyo mbali na mtaa wa Kipsongo, ambayo sitaitaja jina. Kwa msomaji asiyeujua, Kipsongo ni mtaa wa mabanda ulio pembezoni mwa mji huo, na wengi wa wakazi wake ni jamaa za Waturkana ambao ukame na wizi wa mifugo uliwasukuma hadi huko. Darasani watoto wao hukutana na Wabukusu, Wasabaot, Wapokot na Wakikuyu, na Kiswahili ndicho kinachowaunganisha wote. Nilikuwa nimealikwa kuzungumza na walimu juu ya ufundishaji wa insha. Juu ya meza ya mwalimu wa sayansi palikuwa na sanduku la kioo, la aina ile wafugiayo samaki wa mapambo, na ndani yake mlikuwa na kinyonga mchanga, wa ile aina ndogo yenye mistari ubavuni ambayo hupatikana katika nyua za Kitale. Rangi yake ya kijani ilikuwa imefifia na kuwa kama ya majivu. Juu ya sanduku ilining'inia balbu ya kawaida ya umeme. Chini palikuwa na kisahani cha maji.

Mwalimu yule, mtu mwenye bidii na mapenzi ya kazi, aliniambia kwamba alikuwa amesoma mahali kuwa kinyonga anayefugwa sharti awekewe taa, ndipo darasa likachanga fedha za kununua balbu. Mnyama alikuwa amekaa humo tangu muhula ulipoanza. Sasa hakula, macho yake yalikuwa yamezama, na miguu yake ya mbele ilikuwa imepinda kama upinde. Panzi waliotiwa ndani kwa ajili yake walimpanda mgongoni. Baada ya juma moja niliarifiwa kwamba amekufa.

Simlaumu mwalimu huyo. Aliyoyasoma ni kweli tupu kwa mtu anayeishi Hamburg au Chicago. Kilichoharibika ni safari ya maarifa yenyewe: yaliondoka katika nchi ambazo jua lake ni hafifu nusu ya mwaka, yakafika katika nchi yenye jua tele, na njiani yakapoteza sababu zake. Mwalimu alipokea amri, yaani "weka taa", bali hakupokea ni kwa nini. Walimu mwajua vyema jinsi fomula iliyokaririwa bila kueleweka inavyomwangusha mtahiniwa pale swali linapogeuzwa kidogo tu.

Basi na tuitazame sababu. Mifupa ya kinyonga, kama yetu, imejengwa kwa kalisi. Kalisi hiyo humfikia kwa njia ya chakula, lakini utumbo hauwezi kuifyonza vizuri pasipo vitamini D. Vitamini hiyo nayo hutengenezwa katika ngozi pale ngozi inapopigwa na sehemu ya miale ya jua ambayo macho yetu hayaioni, ile iitwayo miale ya urujuanimno. Miale hiyo ikikosekana kwa muda mrefu, mwili huanza kuikopa kalisi kutoka katika mifupa yenyewe. Mifupa hulainika, miguu hupinda, taya hulegea hata mnyama akashindwa kutafuna. Ulimi, ambao kwa kinyonga ndio mkuki wake wa kuwindia na ambao huweza kuruka mbali kuliko urefu wa mwili wake, hukosa nguvu ya kumfikia mdudu. Wanyama wachanga, ambao mifupa yao ingali inakua, ndio huathirika upesi zaidi.

Waliolea watoto watakuwa wameutambua ugonjwa huo. Una undugu wa karibu na matege. Katika miji ya viwanda ya Ulaya ya karne ya 19, ambako moshi na vichochoro viliwanyima watoto jua, matege yalikuwa jambo la kila siku. Mwaka 1919 daktari mmoja wa Berlin, Kurt Huldschinsky, alionyesha kwamba watoto wenye matege hupona wakimulikwa kwa taa ya zebaki inayotoa miale hiyo isiyoonekana. Taa wanazouziwa wafugaji wa vinyonga siku hizi ni wajukuu wa taa ile ya Berlin. Zilibuniwa ziwe badala ya jua mahali ambapo jua halipatikani.

Sasa rudi kwenye meza ya mwalimu wetu. Balbu ya kawaida haitoi miale hiyo kwa kiasi chochote cha maana. Hutoa mwanga wa kuonea na joto, basi. Kioo cha kawaida, cha dirishani au cha sanduku la samaki, huizuia karibu yote. Kwa hiyo hata kama sanduku lile lingewekwa dirishani lisingefaa kitu, na kama lingetolewa nje juani lingemwua mnyama kwa saa moja, kwani sanduku la kioo lililoachwa juani hugeuka tanuri. Na mambo haya yote yalitendeka Kitale! Mji huo uko kilomita mia moja na ushei tu kaskazini ya ikweta, kwenye kimo cha takriban mita 1,900 juu ya usawa wa bahari. Nguvu ya miale ya urujuanimno huongezeka kwa kadiri ya asilimia 10 kwa kila mita 1,000 unazopanda. Hatua ishirini kutoka pale mezani palikuwa na ua wa michongoma ulioogelea katika nuru ambayo mfugaji wa Hamburg hawezi kuinunua kwa fedha yoyote, na watoto wa Kipsongo walikuwa wamechangishwa shilingi zao kununua nuru isiyofaa.

Tena si kwamba kinyonga hulipokea jua kama jiwe lilipokeavyo. Watafiti wa Marekani waliochapisha matokeo yao mwaka 2009 walichunguza kinyonga wa Madagascar, wakagundua kwamba yule aliyepata vitamini D kidogo katika chakula alikaa muda mrefu zaidi kwenye miale, na yule aliyeshiba vitamini hiyo alijitenga nayo. Kwa maneno mengine mnyama huyu hujipimia dawa yake mwenyewe, almuradi awe na mahali pa jua na mahali pa kivuli pa kuchagua. Kwenye ua hupanda asubuhi hadi kwenye majani ya juu, hujilaza ubavu kuelekea jua huku rangi yake ikiwa nyeusi ili anase joto, na akishapata moto wa kutosha hushuka kivulini na kugeuka kijani. Ndani ya sanduku lenye taa moja juu na sakafu chini, uchaguzi huo haupo.

Jambo hili la rangi halina budi kuelezwa kidogo, kwani hapo ndipo sitiari yetu ilipopotea njia. Imani kwamba kinyonga hujigeuza rangi ya kila kitu anachokikanyaga haina msingi. Kazi kubwa ya rangi zake ni kuzungumza na vinyonga wenzake na kurekebisha joto la mwili. Mwaka 2015 wanasayansi wa Chuo Kikuu cha Geneva walionyesha kwamba ndani ya ngozi yake mna chembe ndogo mno kama fuwele, na kwamba mnyama anapozisogeza zikakaribiana au kuachana, rangi ya nuru inayorudishwa na ngozi hubadilika. Dume akikutana na dume mwenziwe huwaka rangi kali ili kumtisha. Jike asiyetaka kupandwa hulisema hilo kwa rangi. Yaani yule tunayemwita mnafiki ni kiumbe aliyevaa moyo wake juu ya ngozi! Mwenye kujua kuisoma rangi yake huijua hali ya afya yake pia: weusi unaokaa kutwa nzima hata baada ya jua kupanda, au ufifu wa mchana akiwa amefumba macho, ni dalili kwamba mambo si mema. Kinyonga anayefumba macho mchana ni mgonjwa.

Wala tusidhani kwamba hao walio na taa za kila namna wamefaulu kirahisi. Taa zao huchakaa: huendelea kuwaka kama kawaida machoni pa mtu ilhali miale ile ya maana imekwisha kupungua, ndiyo maana hushauriwa kuzibadilisha baada ya miezi sita hadi mwaka. Wengine humwekea mnyama balbu nyekundu usiku kucha wakidhani wanampa joto, na kumbe wanamnyima usingizi. Kinyonga huhitaji giza la saa kumi na mbili hivi, kama alivyozoea kwao. Hawa wa kwetu wa nyanda za juu huhitaji pia baridi ya usiku, ile ile inayotufanya tujifunike blanketi mbili pale Kitale. Mchana wawe na joto la nyuzi ishirini na kitu, usiku lishuke sana. Wakiwekwa katika joto lisilobadilika usiku na mchana hudhoofika polepole.

Kisa cha Hawaii kinafaa kusimuliwa darasani kwa sababu hii. Mwaka 1972 mwenye duka moja la wanyama kwenye kisiwa cha Oahu aliagiza vinyonga dazeni kadhaa kutoka Kenya, wa ile aina yenye pembe tatu ambayo mwaka 1896 ilipewa jina la Frederick Jackson, yule Mwingereza aliyekuja kuwa gavana wa Uganda. Wanyama walifika wamekonda na kukaukiwa na maji. Mwenyewe hakuwatia kwenye masanduku yenye taa. Aliwaachilia katika bustani yake huko Kaneohe wapate nafuu. Walipata nafuu, tena kupita kiasi. Jua, umande, mvua na wadudu wa bustani viliwatosha, wakazaana, wakavuka ua, na leo wameenea katika visiwa vile hata wakawa balaa kwa konokono na wadudu wa asili ambao hawakujua adui wa namna hiyo. Wanahifadhi wa huko wanahangaika nao hadi sasa. Vizazi vyao ndivyo chanzo cha wengi wa vinyonga wa pembe tatu wanaouzwa Marekani. Mtu mmoja alitaka kuwaponya wagonjwa wake, akawapa kile walichokihitaji hasa, mahali ambapo hawakustahili kuwapo. Mwalimu anayetaka wanafunzi waandike insha ya hoja hatakosa mada hapo.

Wapo watu hapa Afrika Mashariki ambao kazi yao huwalazimu kumweka kinyonga kwa muda: watafiti, watunzaji wa makumbusho, wenye kuokoa wanyama waliojeruhiwa. Hao huwa na vibali, nao hutumia kizimba cha wavu chenye kupitisha hewa pande zote, kirefu kwenda juu kuliko upana, kilichojazwa matawi hai yenye unene wa kushikika kwa vidole vyake. Kizimba hukaa nje, sehemu juani, sehemu kivulini. Kila mnyama huwa peke yake, kwa sababu kinyonga hapendi jirani. Hata kumwona mwenzake mbele yake kutwa humchosha hadi akaugua. Kushikwashikwa nako humchosha. Mtoto anayemtembeza mkononi wakati wa mapumziko akidhani anacheza naye anampa hofu, hata kama mnyama ametulia tuli.

Maji ndiyo yanayowashangaza wengi. Kinyonga aghalabu hayatambui maji yaliyotulia. Kile kisahani pale mezani kwa mwalimu kingeweza kujaa mwezi mzima na mnyama akafa kiu kandokando yake. Amezoea kulamba umande na matone ya mvua yanayotetemeka juu ya jani, na hayo ndiyo anayoyaona kuwa maji. Anayemtunza humnyunyizia majani asubuhi na jioni, au hutundika kopo lenye tundu dogo lidondoke polepole. Macho yaliyozama ni dalili ya kwanza ya kiu. Chakula nacho kiwe cha namna nyingi: panzi, nyenje, nzi, nondo, na kumbikumbi msimu wao unapofika. Wadudu wa aina moja tu kila siku hawamtoshi, na wale waliofugwa kopo moja hawana kalisi ya kutosha, ndiyo maana huvingirishwa kwanza katika unga wa kalisi. Wadudu waliopuliziwa dawa shambani wasikaribie kabisa.

Ukiisoma orodha hiyo, ndugu msomaji, utaona kwamba kila kilichomo ni juhudi ya kuuiga ua wa michongoma. Nuru, kivuli, matone, baridi ya usiku, upweke, wadudu wa kila namna. Swali langu kwa walimu ni hili: ikiwa ua wenyewe upo, kwa nini tuhangaike kutengeneza mfano wake mbaya ndani ya darasa?

Kuna jibu linalotolewa, nalo si la kupuuzwa. Mtaala wa Umilisi, ulioanza kutekelezwa nchini kote mwaka 2019, unamtaka mwanafunzi aone, aguse na atende. Mwalimu mwenye wanafunzi sitini anataka kitu mezani ambacho wote watakiona. Namwelewa. Lakini kumweka mnyamapori ni jambo linalohitaji kibali. Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya mwaka 2013 haimtengi mjusi wala kinyonga kwa sababu ya udogo wake, na kibali hutolewa na Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, si na mwalimu mkuu. Mwalimu anayetaka kufundisha uraia mwema hawezi kuanza kwa kuvunja sheria mbele ya watoto.

Sheria hiyo haikuzuka ovyo. Vinyonga vyetu viliwahi kuwa bidhaa. Tangu mwaka 1977 biashara yao baina ya nchi na nchi imo chini ya mkataba wa kimataifa wa CITES, na mwanzoni mwa miaka ya 1980 Kenya ilifunga mlango wa kuwasafirisha nje. Tanzania iliendelea kwa muda mrefu zaidi, hadi mwaka 2016 ilipopiga marufuku usafirishaji wa wanyamapori walio hai. Wezi hawakukoma. Mwezi Januari 2021 wakuu wa Austria walitangaza kwamba katika uwanja wa ndege wa Vienna walimnasa msafiri aliyebeba vinyonga 74 kutoka milima ya Usambara, amewaficha ndani ya soksi na makopo ya aiskrimu. Mdogo kabisa alikuwa na umri wa wiki moja. Watatu hawakupona, waliosalia walipelekwa katika bustani ya wanyama ya Schönbrunn, kule kwenye taa. Biashara hiyo huanzia na mtoto anayelipwa sarafu chache kumtoa mnyama kwenye tawi, na mtoto aliyezoea kuona kinyonga ndani ya chupa darasani hataona ajabu.

Hata hivyo, hatari iliyo kubwa zaidi pale Kitale si mwizi wa kigeni. Ni panga na ukuta. Trans Nzoia ni nchi ya mahindi, na nyua za zamani zilizogawa mashamba ndizo zilizobaki kuwa makao ya viumbe wengi wa msituni. Vipande vya ardhi vinapogawanywa na kuuzwa, ua hung'olewa na badala yake husimamishwa ukuta wa mawe au waya wa seng'enge. Magugu ya kando hupuliziwa dawa. Shule nazo zinaiga: ukuta ni alama ya maendeleo, ua ni alama ya ushamba. Kinyonga mwenye mistari hazai mayai ya kufukia ardhini kama yule mkubwa wa nyanda za chini. Huzaa watoto walio hai palepale kwenye matawi, nao husambaa kwenye matawi ya jirani. Ua ukikatwa, kizazi chote kimeanguka chini pamoja, mbele ya kuku na paka.

Na mbele ya mawe ya watoto. Hapa ndipo ninaporudi kwenye ngano, maana hadithi tulizorithi hazimsaidii. Wabukusu husimulia kwamba kinyonga alimwomba chakula mtu aliyekuwa akila, akanyimwa, akalaani wanadamu wawe wenye kufa. Nyoka aliyemkarimu akabarikiwa, ndiyo maana hujivua ngozi. Kusini, Wazulu husimulia kwamba Mungu alimtuma kinyonga awaambie watu kwamba hawatakufa, naye akajikokota njiani hata mjusi akamtangulia na ujumbe wa mauti. Hadithi hizi zina jamaa zake kotekote katika lugha za Kibantu, nami kama mwanaisimu sitaki zifutwe, ni hazina. Lakini zifundishwe pamoja na ukweli kwamba mnyama huyu hana sumu, hana miiba, na meno yake hayawezi kumdhuru mtoto wa shule. Katika hadithi ya Kibukusu, tafadhali mwalimu uwaulize wanafunzi, ni nani aliyekosea kwanza?

Ninalopendekeza kwa shule za Kitale na Bungoma ni kuutenga ua mmoja. Mita ishirini zinatosha kuanzia. Usikatwe wote kwa siku moja. Ukipogolewa, upogolewe nusu baada ya kukaguliwa tawi kwa tawi, na nusu iliyosalia ingojee miezi sita. Usipuliziwe dawa. Pandwe kando yake mimea yenye maua ya kuwavuta wadudu. Wale wanaotaka kuona hifadhi ya aina hiyo kwa ukubwa waende Makumbusho ya Kitale, yaliyofunguliwa mwaka 1974 kutokana na mkusanyiko wa mlowezi Hugh Stoneham, ambako kimebakizwa kipande cha msitu wa kando ya mto chenye njia ya kutembelea wanafunzi.

Njia ya kuwahesabu ni rahisi na haihitaji mnyama kuguswa. Kinyonga akilala hufifia rangi na kuwa mweupe-mweupe, na hupenda kulala kwenye ncha ya tawi. Ukitembea kando ya ua saa moja na nusu usiku ukiwa na kurunzi, mwili wake hung'aa dhidi ya majani kama karatasi. Watafiti nao hutumia mbinu hiyo hiyo. Mulika kwa muda mfupi, hesabu, endelea. Asubuhi darasa liende kwenye matawi yale yale lione yuko wapi, amegeukia upande gani wa jua, na rangi yake ni ipi kabla na baada ya saa tatu. Wanafunzi sitini wanaweza kusimama kando ya ua wa mita ishirini kwa raha zaidi kuliko kuizunguka meza.

Kuwe na daftari moja la shule litakalorithiwa kutoka darasa hadi darasa. Safu zake ziwe za tarehe, hali ya mvua, idadi, kimo cha tawi, rangi, na kama kuna watoto. Nami naomba safu moja zaidi iongezwe kwa ajili yetu sisi watu wa lugha: jina. Mwaka 2006 wanasayansi walipohitaji jina la jenasi mpya ya vinyonga wa Afrika Mashariki walilichukua neno letu, wakaiita Kinyongia. Mwaka 2011 kinyonga wa milima ya Cherangani, ile ionekanayo kutoka Kitale siku isiyo na ukungu, aliingizwa katika orodha ya sayansi kwa jina Trioceros nyirit, na nyirit ni neno la Wapokot na Wamarakwet kwa kinyonga. Kwa hiyo kila mtoto, awe ametoka Kipsongo, Endebess au Kimilili, aandike katika safu hiyo jina ambalo nyanya yake humwita mnyama huyu, na mwalimu asilisahihishe.